Mkono wa Jalila

Kuanzia Timbwani hadi Mtongwe, si rahisi kumpata mwanamke aliyeolewa katika miaka hii ishirini ambaye mikono yake haikupita kwa Mwanasaumu Boga. Ukimtaja kwa jina hilo watu watasita kidogo. Ukisema Bi Saumu wa piko, ile hina nyeusi ya maarusi, utaonyeshwa nyumba mara moja, ile yenye mlango wa buluu, nyuma ya msikiti mdogo. Kazi alifunzwa na shangazi yake angali msichana, na sifa yake kubwa ilikuwa mkono usiotetemeka. Wachoraji wengine wanafuata picha za kwenye simu. Yeye alimtazama bibi arusi viganja, akamuuliza mawili matatu ya nyumbani kwao, kisha akaanzia kwenye kifundo na kushuka vidoleni bila kuinua koni ya piko, ua likizaa jani na jani likizaa ua, mpaka msichana mwenyewe akasahau kuwa ana hofu.

Aliolewa na Suleiman, mfunga makontena bandarini, mtu mpole asiye na maneno mengi. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Wakwe walikwisha kuanza kunong'ona habari za mke wa pili, na Suleiman akijifanya hasikii, ndipo mwaka wa kumi akazaliwa Jalila. Mtoto alilelewa kama yai. Baba akitoka kazini na grisi mikononi hakumshika mpaka aoge mara mbili, na mama alimbeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutembea, akichora huku mtoto amelala.

Jalila alipofika miaka kumi na mmoja, Suleiman alishikwa na homa siku ya Jumatano, na Jumanne iliyofuata akazikwa.

Mwanasaumu akakaa eda, miezi minne na siku kumi, bila hina wala manukato, bila kutoka. Ilikuwa katika mwezi wa pili wa eda, baada ya swala ya adhuhuri, Jalila aliporudi kutoka shule akakuta wali umeshika chini. Akauliza kwa nini chakula kimeungua ilhali kuna mtu nyumbani mchana kutwa. Mama akamjibu kwamba usingizi ulimpitia. Mtoto akasimama, akainua mkono, akampiga kofi la shavu.

Halikumuuma sana, mkono wenyewe ulikuwa mdogo. Lililomshangaza Mwanasaumu ni kile kimya kilichofuata, wote wawili wakiutazama mkono ule kana kwamba umetokeza ukutani. Kisha Jalila akaangua kilio, akaja akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, akalia mpaka akalala. Mwanasaumu akamfuta machozi kwa upindo wa kanga, akajiambia kwamba ni msiba tu. Mtoto amempoteza baba, hana pa kuupeleka uchungu wake, ameuleta kwa mama. Atauleta kwa nani mwingine?

Eda ikaisha, akaoga, akabadilisha nguo, akarudi kwenye kazi yake. Mkono haukuisha.

Mwaka wa kwanza ulikuja mara moja kwa mwezi. Mwaka wa tatu Jalila alikuwa amemfikia mama yake kimo, na siku za kupumua zikawa za kuhesabu. Sababu ilikuwa lolote: sare haijakauka, samaki ana miba, mama amecheka na mteja kwa sauti kubwa. Alisukumwa akagonga kabati. Alivutwa nywele. Alirushiwa sufuria, na kwa bahati ilikuwa tupu. Mwanasaumu alijifunza kuzitambua hatua za binti yake tangu kwenye kona ya msikiti. Viatu vikiburutwa, siku ni njema. Vikija kwa haraka, alivua bangili, akaondoa birika la chai mezani, akasimama mahali ambapo nyuma yake hapakuwa na kitu chenye ncha. Yeye hakuwahi kumrudishia. Mara moja tu alimshika mikono yote miwili ili asimpige, na msichana akamng'ata begani. Alama ipo hadi leo.

Na nje ya mlango ule wa buluu, hakuna aliyemjua Jalila huyo. Nje alikuwa msichana wa kuitika abee kabla hujamaliza kumwita, wa kuwapokea wazee mizigo, wa kuinamisha macho. Shuleni hakuwahi kupewa adhabu. Akipita barazani wanawake walimwombea dua, wakamwambia Mwanasaumu kwamba Mungu alimchelewesha akampa kilicho bora. Naye akasema alhamdulillahi, huku buibui lake limefunika mikono mpaka kwenye viganja, hata siku za joto la Februari.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Nyamvula, mjane mwenzake, muuza nazi. Kila vurugu ilipoanza upande huu, redio ya Nyamvula ilipanda sauti upande ule. Mwanasaumu alijua maana yake. Nyamvula aliona afadhali asisikie, ili kesho wakikutana bombani aweze kumtazama mwenzake usoni. Wapita njia wao walisema tu kwamba mama yule apenda taarabu.

Usidhani kwamba Mwanasaumu alikaa bila kutafuta. Alianza kwa maalim, akimwambia kwamba binti ana hasira za ghafla, huenda amepitiwa na kitu. Maalim alimsomea Jalila wiki mbili nzima. Msichana alikaa kwa adabu, akasikiliza, akasahihisha na aya moja aliyoikosea mwenzake wa madrasa. Maalim akamwita mama kando, akamwambia kwamba mtoto hana jini wala kijicho, ila yeye mama apunguze wasiwasi.

Akaenda kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari la maendeleo, akamwonyesha alama. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, kama yeye mwenyewe amelala vizuri tangu mumewe afariki. Mwanasaumu akajifunga buibui lake vizuri, akaaga.

Mwishowe akamwambia kaka yake, Sharif, aliyekuwa akikaa Mishomoroni. Sharif alivuka feri siku ileile. Hakuuliza mengi. Alimpeleka Jalila uani akamchapa mkanda, na Jalila hakutoa hata chozi. Sharif akarudi ndani, akanywa chai, akamwambia dada yake kwamba alichokosa ni ukali tu, sasa mambo yamekwisha. Alipoondoka, kikombe chake kilikuwa bado na joto. Jalila aliingia, akafunga mlango kwa komeo, akamgeukia mama yake. Redio ya Nyamvula ilipanda mpaka spika ikakwaruza. Wiki nzima Mwanasaumu hakuweza kugeuza shingo, na mabibi arusi wawili wakapelekwa kwa mchoraji mwingine. Sharif alipompigia simu kuuliza hali, alimjibu kwamba Jalila ametulia, Mungu akujalie. Tangu hapo kaka mtu akawa anawaambia wenzake kwenye kahawa jinsi alivyomnyoosha mpwa wake kwa siku moja.

Lililomleta Mwanasaumu mahali ambapo hakutaraji kufika ni hijabu ya shule. Ilikuwa Jumapili asubuhi, saa nne hivi, Jalila akiwa na miaka kumi na sita. Mama alikuwa akipiga pasi, umeme ukaja na nguvu za ghafla, pasi ikaacha doa la kahawia kwenye kitambaa cheupe. Hakupata nafasi ya kulificha. Jalila akaiangalia hijabu, akaiweka chini taratibu, akauchukua mkono wa kulia wa mama yake kama mtu anayetaka kuutazama, akakirudisha kidole gumba nyuma mpaka kikaalika.

Hospitalini alisema ameteleza bafuni. Aliyemfunga plasta alikuwa muuguzi kijana, jina lake Purity, mwenye mikono baridi. Purity akautazama mkono, akautazama uso, akauliza kama kuna mume nyumbani. Mwanasaumu akasema mume ni marehemu. Purity akauliza nani mwingine yuko.

"Mimi na binti yangu tu," Mwanasaumu akasema.

Purity akavuta kiti karibu. Akamaliza kazi yake, kisha akaandika nambari ya simu kwenye kipande cha karatasi ya dawa, na jina: Caroline. Akasema ni mtu wa kuongea naye, ana kikao cha wazazi kule Changamwe, haulizi mengi. Mwanasaumu aliitia karatasi ndani ya mkoba wake na akakusudia kuitupa. Angemwambia mtu gani, na kwa maneno gani? Akiwa kwenye benchi la dawa alijaribu kuitunga sentensi kichwani. Mwanangu ananipiga. Ilisikika kama uongo, tena uongo wa aibu, kama mtu anayemsingizia mtoto yatima.

Siku tano baadaye, Jalila yuko shule, Nyamvula aliingia bila kubisha hodi. Mkononi ameshika redio yake ndogo, inasema. Akaiweka mezani, akakaa. Hakuwa na salamu siku hiyo. Kwenye redio alikuwa akizungumza daktari mmoja mwanamke, taratibu, kwa Kiswahili cha kusoma. Alikuwa akieleza kwamba ulimwenguni sasa watu wameanza kulizungumza jambo lililofichwa majumbani siku nyingi, la wazazi wanaopigwa na watoto wao. Akataja Uhispania, Uingereza, Japani. Akasema wazazi hao wako kila mahali, matajiri kwa maskini, na kwamba wengi wao hawasemi kwa sababu wanaogopa kuulizwa wamewalea vipi. Kisha akapigiwa simu na mama mmoja ambaye hakutaja jina. Alisema kijana wake akilala ndipo yeye humtazama na kumkumbuka.

Mwanasaumu na Nyamvula hawakutazamana. Kipindi kilipokwisha na matangazo ya sabuni yakaanza, Nyamvula akaizima redio.

"Nisamehe, Bi Saumu," akasema. "Miaka yote nilikuwa nikipandisha sauti."

"Hukukosa, dadangu. Ungefanya nini?"

Nyamvula akatafakari swali hilo kwa haki, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Akachukua redio yake akarudi kwake. Mwanasaumu akautoa mkoba, akaitafuta ile karatasi.

Kikao kilikuwa kwenye chumba nyuma ya kanisa moja Changamwe, kila Alhamisi mchana. Mara ya kwanza Mwanasaumu alisimama nje karibu na tangi la maji kwa nusu saa, akiona vigumu kuingia uwanja wa kanisa na buibui lake. Aliyemtoa pale ni mwanamke mnene wa Kigiriama, Kafedha, aliyekuwa akipita na thermosi ya chai. Kafedha akamwambia kwamba ndani hakuna ibada, kuna wakosa bahati tu, aingie.

Pamoja naye walikuwa wazazi watano. Kafedha, ambaye mwanawe wa miaka kumi na minane alimvunjia jino. Mzee Nguma, fundi baiskeli wa miaka sitini na tano, aliyepigwa na kijana wake mkubwa na ambaye katika kikao chote hakuvua kofia. Wawili wengine hawakusema chochote. Caroline alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mshauri wa shirika moja dogo, mwenye uchovu machoni. Alimpa Mwanasaumu fomu ajaze. Kulikuwa na swali: aliyekutendea ukatili ni nani? Chini yake visanduku: mume, mpenzi, mwajiri, mtu usiyemjua, jamaa mwingine. Mwanasaumu akaipitia mara mbili, akadhani macho yake yamekosea. Akamuuliza Caroline mtoto yuko wapi.

Caroline akaona haya. Akasema fomu ni ya zamani, wameomba ibadilishwe, kwa sasa aweke alama kwenye jamaa mwingine. Mwanasaumu akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaweka alama iliyopinda. Akamwona Jalila siku aliyozaliwa, amefungwa kanga nyekundu, na leo ni jamaa mwingine.

Caroline aliwaeleza yaleyale ya redioni na zaidi. Kwamba nchi nyingine zimeanza kuhesabu, kwamba kuna simu za kupigwa na mafunzo kwa wazazi. Kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana waliite jambo hili jina gani. Mzee Nguma akasikiliza yote akiwa ameinama, mwishowe akainua uso.

"Na hao wa huko," akauliza, "watoto wao wameacha?"

Caroline akaziweka fomu kando. Akasema wengine wameacha. Wengine hapana. Wengine walitenganishwa na wazazi wao kwa muda. Akasema hataki kuwadanganya: yeye mwenyewe kazi hii ameianza mwaka jana, na kwa sasa analoweza ni kuwasikiliza, na kumsindikiza anayetaka kwenda polisi.

Mwanasaumu alikwenda. Si na Caroline, bali na Kafedha, kwa kuwa Kafedha alisema afadhali aende mtu anayejua kukaa kimya. Kwenye dawati la kituo walimkuta afisa mwanamke aliyewavutia viti na kuufunga mlango. Hakumcheka, hakumdharau. Mwanasaumu alikuwa amejiandaa kwa dharau na alipokosa kuipata akakaa kwenye ukingo wa kiti. Afisa akamweleza njia ilivyo: atatoa maelezo, binti atafuatwa nyumbani au shuleni, na kwa umri wake kesi itasikizwa mahakama ya watoto. Huenda akawekwa mahabusu ya watoto ikiendelea. Mwanasaumu akauliza mahabusu hayo yana milango ya namna gani. Afisa akasema ni milango tu, mama. Akauliza kama wanalala na taa. Afisa akasema hajui.

Jalila hakuwahi kulala gizani tangu baba yake afe. Hilo Mwanasaumu hakulisema. Aliitazama fomu ya maelezo, kalamu juu yake, na kidole chake chenye plasta. Akafikiria watu wa barazani wakimwona Jalila anatolewa darasani na askari. Akafikiria pia siku atakayorudi kutoka huko, na mlango wa buluu ukifungwa nyuma yao. Akasimama, akamshukuru afisa kwa wakati wake. Afisa akasema akirudi atamkuta. Njiani Kafedha hakumlaumu. Yeye alikwenda pale mara tatu, akasema, na mara tatu akarudi na kalamu ya watu mkononi bila kujua.

Sasa, kabla ya kuumia Mwanasaumu alikuwa amekubali kazi ya arusi Shelly Beach, msichana aitwaye Nadira, ambaye mama yake pia alichorwa na yeye. Familia ile haikutaka kusikia mchoraji mwingine. Mwanasaumu alidhani kidole kitakuwa tayari. Siku ilipofika plasta ilikwisha kutolewa, lakini gumba lilikuwa limenenepa kwenye kifundo, halikunjiki. Asubuhi hiyo akiwa anasaga piko, Jalila alikuja akasimama nyuma yake. Mwanasaumu akasogeza bakuli bila kugeuka.

"Nitafuatana nawe, mama," Jalila akasema. "Nikusaidie."

Chumba cha bibi arusi kilijaa wanawake, udi, na feni inayozunguka pole. Mwanasaumu alikaa mkekani, akamchukua Nadira mkono, akaishika koni. Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatetemeka, ukavimba katikati kama mshipa. Akaupangusa kwa pamba, akajaribu tena, ukaharibika tena. Wanawake waliokuwa wakiimba walipunguza sauti. Nadira akamtazama kwa macho ya huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kidole.

Jalila akapiga magoti. Akaitoa koni mkononi mwa mama yake, kidole kimoja baada ya kingine, kwa uangalifu, asimguse gumba. Akakitazama kiganja cha Nadira. Akamuuliza mawili matatu ya nyumbani kwao. Kisha akaanzia kwenye kifundo na kushuka.

Mwanasaumu hakuwahi kumfunza. Hakuwahi hata kumwita akae atazame. Na ile kazi ilikuwa yake mwenyewe, jani lake, ua lake, ule mzunguko alioupokea kwa shangazi na kuubadilisha kidogo mwisho. Mkono wa Jalila ulikwenda bila kutetemeka. Ulimshika Nadira kwa wepesi mpaka msichana akafumba macho. Wanawake wakasogea, wakanyamaza, wakaanza kusifu chini kwa chini. Mwanasaumu alikuwa ameketi umbali wa shubiri mbili, akiutazama mkono ule. Aliujua uzito wake. Aliijua hata kucha ya kidole cha shahada, ambayo imekaa upande.

Kazi ilipomalizika, bibi mzee wa Nadira aliinua viganja vyake, akawaombea wanawake wote waliokuwepo wajaliwe mtoto kama huyu, anayeufunika upungufu wa mama yake mbele za watu. Chumba kizima kikasema amin. Mwanasaumu naye akasema amin, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama, na kwa kuwa hakujua neno jingine la kusema.

Walirudi nyumbani baada ya alasiri. Jalila alibeba kikapu. Alikuwa na furaha, akisimulia jinsi dada za Nadira walivyomwomba nambari yake ya simu. Walipofika ndani akamuuliza mama yake kama amempendeza. Mwanasaumu akasema ndiyo, mwanangu, umenipendeza. Na kwa kuwa siku ilikuwa njema kiasi hicho, na hakujua lini atapata nyingine, akakaa kitini akasema lile ambalo Caroline alikuwa amewaambia walijaribu, siku yenye utulivu, bila kulaumu.

"Jalila, mimi nakuogopa."

Msichana alikuwa anaosha bakuli. Maji yakaendelea kumwagika juu ya mikono yake.

"Najua," akasema.

"Basi kwa nini?"

Jalila alisuuza bakuli mara mbili. Alipojibu aliyasema maneno akilitazama beseni. "Sijui, mama. Mkono unatangulia. Nikija kufahamu, nishakupiga." Akafunga maji. "Nikiwa nje hautangulii. Ni nikiwa na wewe tu."

Mwanasaumu akamuuliza kama angekubali kwenda kuongea na mtu Changamwe, msichana kijana, haulizi mengi. Jalila akaitikia kwa kichwa kwamba atakwenda. Machozi yalimtoka, na mama akainuka akamfuta kwa upindo wa kanga. Wakasimama pale bombani, wamekumbatiana, na Mwanasaumu akahisi mwili wake mwenyewe umekaza, unangoja, hata katika kumbatio lile.

Zilipita siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili sababu ilikuwa chumvi kwenye mchuzi.

Kuhusu Changamwe, Jalila alikwenda mara mbili. Mara ya tatu Caroline hakuwepo. Mradi ulikuwa umefika kikomo chake na shirika likamhamishia kaunti nyingine. Alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi, na nambari ya ofisi ya Nairobi ambayo ikipigwa inalia bila kupokewa. Jalila akasema hataki kuanza upya na mtu mwingine. Mwanasaumu akamsihi kwa siku mbili, kisha akaacha, kwa kuwa kusihi nako kulikuwa na hatari yake.

Mambo yamekaa hivyo mpaka sasa. Gumba halikurudi. Daktari aliyelitazama mara ya mwisho, mwanamume aitwaye Matthew, alimwambia kwamba lingefanyiwa upasuaji mapema lingenyooka, sasa limejiunga lilivyotaka. Mwanasaumu husaga piko, huchuja hina, hufunga koni. Anayechora ni Jalila, Ijumaa mchana akitoka shule, na mwisho wa wiki. Sifa zake zimefika hadi Nyali, na wanaompigia simu siku hizi humtafuta yeye. Chakula cha nyumba ile kinatoka kwenye mkono wa Jalila. Sharif anapowatembelea husema ona, nilikwambia. Nyamvula hapandishi tena redio. Vurugu ikianza huja akasimama nje ya mlango wa buluu, akaita hodi kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekuja kuazima kiberiti. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingine hodi yake haisikiwi, naye husimama pale mpaka kukawa kimya.

Chumba cha nyuma ya kanisa mchungaji hakukifunga. Alhamisi wazazi bado huja, hawana mshauri, wana thermosi ya Kafedha. Mzee Nguma amekosekana wiki tatu na simu yake imezimwa. Wamekubaliana kwamba Jumamosi wawili watakwenda kuangalia, ingawa hakuna anayejua watasema nini wakimkuta, wala wakimkosa.

Alhamisi iliyopita alikuja mama mgeni, kijana bado, jina lake Nasreen, na miwani ya jua aliyokataa kuivua. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza, bila kumwelekea mtu yeyote, kama jambo hili huwa linaisha, na huchukua muda gani.

Mwanasaumu alitamani kumjibu. Alilitafuta jibu kwa dhati, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na wao walikuwa wakimtazama yeye. Nje watoto wa shule walikuwa wakipita. Kafedha akasogea pembeni mwa benchi ili mgeni apate nafasi, na Mwanasaumu akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akammiminia chai.